Jiwe la Mekoni: Granaiti au Kwatsi?



Jumatatu baada ya Isha walitujia mume na mke wa mtaa wetu, vijana wawili tuliowaozesha wenyewe miaka minne iliyopita, na kila mmoja ameshika kipande cha jiwe. Tulidhani wameleta ugomvi mzito. Kumbe ugomvi ni huohuo ulio mkononi: mume ana granaiti nyeusi yenye chembe za kumeta, mke ana kwatsi nyeupe kama maziwa yenye mshipa wa kijivu, na jiko lao jipya limesimama halina kaunta kwa kuwa wenyewe hawajaafikiana. Mke akasema, "Sheikh, mwambie huyu. Yeye haingii mekoni illa kutafuta maji ya baridi." Mume akajibu, "Na bei je, Sheikh? Mwambie na yeye bei." Tukawatilia kahawa, na vile vipande viwili tukaviweka juu ya meza baina yao.

Granaiti, ambayo wenye kamusi huiita itale, ni jiwe la ardhini. Lilipoa polepole sana kutoka katika mwamba ulioyeyuka, hata chembe zake zikapata wasaa wa kukua na kuonekana kwa macho. Hupasuliwa mabamba, likasuguliwa mpaka likang'aa. Kwatsi nayo ni madini, na imo hata ndani ya granaiti. Lakini bamba liuzwalo madukani kwa jina hilo halikuchimbwa likiwa bamba. Ni mawe ya kwatsi yaliyosagwa, kiasi cha sehemu 90 katika 100 za uzito wake, yakachanganywa na gundi ya plastiki na rangi, kisha yakashindiliwa kiwandani. Ufundi huo ulienea kutoka Italia kwa mashine za kampuni ya Breton. Basi muuzaji akikuapia kwamba kwatsi yake ni jiwe la asili lisilotiwa kitu, ama hajui bidhaa yake au anakufanyia ghishi.

Na ghishi kubwa zaidi tuliyoiona sokoni ni marumaru kuuzwa kwa jina la granaiti. Dawa yake imo mekoni mwenu. Ombeni kipande kilichobaki katika kukata, mkikamulie ndimu, mkiache robo saa. Marumaru ni jamaa ya chokaa na ya matumbawe yaliyojenga nyumba za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa. Ndimu huyala, na mahali pale hufifia mng'aro. Granaiti ya kweli haishughuliki na ndimu, wala ukwaju, wala siki. Nyumba ya watu wa pwani haipitishi siku bila vitu hivyo, kwa hivyo marumaru tuyaache kwa sakafu ya sebule.

Tuje kwenye moto, maana hapa ndipo mawe haya mawili yanapoachana njia. Granaiti ilitoka motoni, na sufuria ya wali ukiiepua na kuitua juu yake haijali, ingawa hata yenyewe si vyema kuizoesha moto mkali wa ghafla mahali pamoja. Kwatsi ina gundi ndani yake, na gundi huanza kuharibika joto likikaribia nyuzi 150. Mafuta ya kukaangia mahamri hufika nyuzi 180. Mwenye kuepua karai la mahamri akalitua juu ya kwatsi nyeupe ataliondoa na kuacha duara la manjano au ufa, na duara hilo halitoki kwa sabuni wala kwa dua. Tukamwuliza yule binti: mwezi wa Ramadhani, dakika kumi kabla ya adhana ya Magharibi, sambusa ziko motoni, uji unafurika, mtoto analia, je, utakumbuka kutia kibao chini ya karai? Akacheka, akasema atakumbuka yeye, lakini mama mkwe hatakumbuka.

Ama madoa, hapo kwatsi inashinda. Haina vinyweleo vya kunywa maji, na wala haihitaji kupakwa dawa. Granaiti inavyo, nyingine vingi na nyingine vichache, na aghalabu nyeusi hunywa kidogo kuliko nyeupe. Utajua kwa kudondosha matone ya maji na kuyaacha robo saa: pakibaki kivuli cheusi baada ya kufuta, basi jiwe lako linakunywa, nalo litakunywa pia mafuta ya samaki na rangi ya bizari ya manjano. Lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo, na jaribio la maji lirudiwe kila mwaka. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja na kitambaa. Lakini mwenye kwatsi nyeupe asijione amesalimika kabisa. Manjano yakilala usiku kucha juu yake huacha alama ya ukaidi, na akiyakimbilia kwa dawa kali za kung'arishia nguo huenda akaiumiza ile gundi. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na kufuta mapema, vinatosha kwa mawe yote mawili.

Kuna jambo la jua pia. Wazee wetu waliweka jiko juu, darini, ili moshi na joto viondoke na upepo, na hata leo wengi wetu tuna meko ya pili uani. Kwatsi ikikaa juani hubadilika rangi, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano. Meko ya uani iwe granaiti, na hapo hatuoni haja ya mjadala. Granaiti nyeusi nayo ina aibu yake: maji ya visima vyetu yana chumvi, na kila tone likikaukia juu yake huacha duara jeupe. Mwenye kuipenda nyeusi anunue na kitambaa kikavu.

Kisu hakina la kuyafanya mawe haya, yote ni magumu kuliko chuma chake. Atakayeumia ni kisu. Ila pilipili na thomu visitwangwe juu ya kaunta. Kinu kiwekwe chini, pale kilipowekwa na bibi zetu. Na msisahau uzito: bamba la granaiti la milimita 20 lina kiasi cha kilo 54 kwa kila mita moja ya mraba, na la milimita 30 hukaribia kilo 81. Kabati za mbao za kushindiliwa, ambazo unyevu wa bahari huzivimbisha, hazifai kubebeshwa mzigo huo bila ukuta mdogo au chuma chini yake.

Bei tuliipitia upesi. Bei zao huingiliana, kwani kuna granaiti ghali na kuna kwatsi rahisi. Lakini katika maduka waliyoyazunguka wao, kwatsi aliyoitaka mke ilizidi kwa mengi, na mume alikuwa na ushahidi wa risiti.

Kisha tukawaeleza jambo ambalo hawakuliuliza.

Miaka michache iliyopita tulitengeneza jiko letu. Fundi, kijana wa hapahapa, alikuja na mashine ya mkono, akakata jiwe uani, kavu, bila tone la maji. Vumbi lilipanda mpaka likafunika nguo zilizoanikwa kambani, naye akawa mweupe nyusi na ndevu kama muuza unga. Sisi tulimpelekea chai, tukamhimiza amalize kabla ya Magharibi. Hatukumwambia neno jingine. Leo kijana yule husali safu ya pili, na katika kila rakaa tunamsikia akikohoa. Daktari amemkataza kazi ya vumbi, naye ana watoto watatu.

Vumbi la mawe haya lina silika, chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu, na makovu hayo hayana tiba ya kuyaondoa. Granaiti inayo, lakini kwatsi ya kiwandani imekuwa nayo zaidi ya mara mbili ya granaiti nyingi. Ndiyo maana Australia ilipiga marufuku mawe haya ya kutengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya vijana wao wakataji kuugua. Enyi akina mama, msiogope kaunta iliyokwisha kuwekwa; jiwe lililotulia halimdhuru mpishi wala mtoto. Anayedhurika ni yule anayelikata na kulisugua. Dawa ni maji: jiwe likatwe karakanani kwa mashine inayomwagia maji, pamoja na tundu la sinki na kingo zote, na likibaki dogo la kurekebisha nyumbani, mtu mmoja ashike mpira wa maji mwingine akikata. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Fundi akidai nyongeza kwa ajili ya hayo, apewe. Hatuoni vipi mtu aipambe nyumba yake kwa pumzi za mwenzake kisha agombee shilingi mia tano.

Kahawa ilikuwa imepoa. Binti akakichukua kile kipande cheusi, akakigeuza kwenye taa, akasema chembe zake si mbaya, lakini hataki giza mekoni. Mume akasema ipo granaiti ya kijivu nyepesi aliyoiona duka la pili, na bei yake ni baina ya hizi mbili. Wakakubaliana waende pamoja kuitazama, na binti akatia ndimu mbili mkobani.

Jiwe limeshapatikana, na litakatwa Alhamisi. Mpira wa maji wameuazima kwetu.