Mitambo ya matangazo isisubiri kufa ndipo itengenezwe

MKULIMA wa alizeti au vitunguu wa Iguguno, mkoani Singida, anapowasha televisheni jioni kusikiliza utabiri wa mvua, hana sababu ya kujiuliza kuna nini kati ya studio na kioo chake. Huanza kujiuliza siku picha inapokatika. Siku hiyo hata mwenye mgahawa kando ya barabara kuu ya Singida–Nzega hukosa wateja wa mpira.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara ikafuata mwaka 1994. Nchini zilitumika picha za mistari 625, picha 25 kwa sekunde, wakati Marekani ilitumia mistari 525 na takriban picha 30. Kipindi cha huko hakikuweza kurushwa kilivyo. Kilipitishwa kwanza katika mtambo wa kubadili mfumo.

Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, kisha mikoani. Lakini kazi ya kubadili mfumo haikuisha. Kituo cha kurushia kinachopokea matangazo kwa setilaiti hulazimika kuyageuza kabla ya kuyarusha upya, na nyumbani king'amuzi huyageuza tena ili televisheni ya chogo iyaonyeshe. Mtambo uliofungwa wakati wa mabadiliko hayo sasa umepita miaka kumi. Huo ni uzee.

Mitambo ya aina hii aghalabu huuawa na vitu vidogo. Vumbi huziba vichujio, feni hukwama, joto hupanda. Mafundi wanajua kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa karibu nusu. Betri ndogo inayotunza kumbukumbu ya mtambo nayo ikiisha, mipangilio yote inaweza kufutika, na kama haikuandikwa popote, fundi huanza upya. Hivyo feni ya bei ndogo inaweza kuangusha mtambo wa mamilioni.

Mwenye mashine ya kukamua alizeti haitaji kufundishwa hili. Hasubiri wakulima wapange foleni na magunia ndipo akatafute beringi au mkanda. Hupaka grisi mapema na kuweka kipuri akiba, kwa sababu siku moja ya kusimama wakati wa mavuno ni hasara isiyorudi.

Busara hiyo hiyo inatakiwa kwenye vituo vya kurushia matangazo. Kila kituo kiwe na daftari la matengenezo na nakala ya mipangilio ya mtambo. Vichujio visafishwe kwa ratiba, na waya wa ardhi ukaguliwe kabla ya msimu wa radi. Mtambo unaostaafishwa usitupwe haraka, maana vipuri vyake vinaweza kuokoa mwenzake. Fundi mkongwe apewe kijana wa kumrithisha ujuzi kabla hajastaafu. Na bajeti ya kununua mtambo mpya isipitishwe bila fungu la kuutunza.

Wananchi nao wana sehemu yao. Waya wa shaba unaokatwa kwenye mnara hauishii hewani, kuna anayeununua. Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anayeupokea bila kuuliza umetoka wapi anauacha mnara huo wazi kwa radi, na majirani zake wakose matangazo. Nyumbani, king'amuzi kisifunikwe kitambaa, na kichomolewe kwenye umeme mawingu ya radi yanapokusanyika.

Taarifa ya mvua au ya mlipuko wa wadudu ina thamani ikimfikia mkulima kwa wakati. Ikifika baada ya mbegu kuoza shambani, ni hadithi tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa mitambo hujengwa kwa fedha za kigeni. Wenye dhamana ya vituo hivyo waanze na feni na vichujio, sasa, mitambo ikiwa bado inafanya kazi.