Kununua au Kutonunua Kisomeo: Maoni ya Mwanaisimu

1.0 Utangulizi

Hivi karibuni wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili walinijia ofisini na swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa watu waliokuja kuzungumzia ngeli za nomino. Walitaka kujua iwapo ni busara kuchanga fedha wanunue kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu, badala ya kuendelea kutoa fotokopi za makala na vitabu kila muhula. Siku chache baadaye swali hilohilo lilizuka, kwa sura nzito zaidi, katika kikao cha walimu: je, sehemu ya fungu la kununulia vitabu itumike kununulia vifaa hivyo? Niliombwa maoni yangu, nami nikaomba nipewe muda. Makala hii ndiyo jibu langu.

Kabla ya kuingia katika hoja ni vema tukubaliane kuhusu istilahi. Kifaa hiki hakina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Katika makala hii nitakiita *kisomeo*, kwa kufuata kanuni ya kawaida ya kuunda nomino ya kifaa kutokana na kauli ya kutendea: soma > somea > kisomeo. Kwa istilahi hiyo sikusudii simu wala kompyuta, ingawa vyote hivyo huweza kufungua kitabu. Nakusudia kifaa kilichotengenezwa mahususi kwa kusoma, chenye kioo cha wino wa kielektroniki.

2.0 Manufaa Yasiyobishaniwa

Kampuni ya E Ink, ambayo teknolojia yake ndiyo iliyoenea zaidi, ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Kampuni ya Sony ilitoa kisomeo cha aina hiyo nchini Japani mwaka 2004, na Amazon ikatoa Kindle mwezi Novemba 2007 kwa bei ya dola 399. Tangu hapo bei ya vifaa vidogo imeshuka sana.

Namna kioo hicho kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi zilizobeba chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa upande mmoja, chembe nyeusi hupanda juu na herufi huonekana. Ukigeuzwa, hupanda nyeupe. Chembe zikishatulia, hazihitaji umeme tena hadi ukurasa ugeuzwe. Ndiyo maana chaji moja huweza kudumu kwa siku nyingi, jambo lenye uzito mahali ambapo umeme haukosi kukatika. Aidha, kioo hakimulikii macho kama cha simu. Hutegemea mwanga ulioko, kama karatasi, ingawa vifaa vingi vya sasa vina taa ndogo za pembeni.

Manufaa mengine yanamhusu mtu wa umri wangu. Aliyevuka miaka hamsini hujua uchungu wa kusoma tanbihi zilizopigwa chapa kwa herufi ndogo. Katika kisomeo msomaji hukuza herufi apendavyo. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu hilo huwa ndilo linaloamua kama atasoma au hatasoma. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulikubaliwa kimataifa ili kuwawezesha watu kama huyo kupata nakala wanazoweza kuzisoma. Kwa hiyo yeyote anayedai kwamba kisomeo ni pambo la wenye fedha hajalitazama suala hili vya kutosha.

3.0 Kioo na Ukurasa

Hata hivyo, manufaa ya kukuza herufi yanategemea sharti moja: maandishi yawe maandishi. Faili za aina ya EPUB zina matini inayojipanga upya kulingana na kioo. Lakini tunachokisoma zaidi katika idara za Kiswahili si EPUB. Tunasoma tasnifu, makala za majarida na vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kama PDF. Ukurasa wa namna hiyo haujipangi upya; hupunguzwa mzima mzima ili uenee katika kioo.

Hapa hesabu ndogo itatusaidia. Kisomeo cha kawaida kina kioo cha inchi 6 kwa mshazari, yaani takriban milimita 91 kwa 122. Ukurasa wa tasnifu, ambao ni wa A4, una milimita 210 kwa 297. Ili uenee wote, unapunguzwa hadi kiasi cha asilimia 41, na herufi ya pointi 12 huwa sawa na pointi 5. Hata ukurasa wa A5 hupunguzwa hadi asilimia 58, na herufi yake ya pointi 12 huwa sawa na pointi 7. Msomaji aliyenunua kifaa ili apumzishe macho atajikuta anayakaza zaidi. Kwa kioo cha inchi 10.3 ukurasa wa A4 hubaki na asilimia 70, na herufi huwa na pointi zaidi ya 8. Hapo panasomeka, lakini bei nayo ni nyingine.

Niliazimwa kisomeo kidogo na mwenzangu kwa muhula mmoja, na jambo hili nililithibitisha kwa macho yangu. Riwaya ya Kiingereza niliisoma kwa raha. Tasnifu ya mwanafunzi wangu niliirudisha kwenye karatasi baada ya sura ya kwanza. Kuhusu miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa sasa hupatikana kama picha, sikuona haja ya kujaribu mara ya pili.

4.0 Kiswahili Ndani ya Kisomeo

Tuchukulie sasa kwamba tumepata kitabu cha Kiswahili chenye matini halisi. Je, kisomeo kitakihudumia kama kinavyokihudumia kitabu cha Kiingereza? Jibu langu ni hapana, na sababu zake ni za kiisimu.

Kwanza, kamusi. Sifa inayotangazwa sana ni kwamba msomaji hugusa neno na maana yake hutokea. Kifaa hulinganisha neno lililoguswa na orodha ya vidahizo pamoja na maumbo ambayo mtunzi wa kamusi ameyaorodhesha. Tuangalie mfano ufuatao:

(1) wa-li-vyo-tu-andik-i-a

Kidahizo kinachotakiwa hapa ni *andika*. Kabla ya kukifikia, msomaji anapaswa kuvua kiambishi cha kiima, cha njeo, cha urejeshi na cha yambwa, kisha aitambue kauli ya kutendea. Mtu aliyekulia katika lugha hufanya hivyo bila kujua. Mashine inayolinganisha herufi haiwezi.

Itasemwa: basi na tuyaorodheshe maumbo yote. Tujaribu. Tukihesabu maumbo tofauti ya viambishi vya kiima tunapata 14 (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-). Tuchukue viambishi vitano tu vya njeo na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-). Viambishi vya yambwa, pamoja na -ji- na hali ya kutokuwepo kiambishi, vinatupa nafasi 15. Zao lake ni 14 × 5 × 15 = 1,050 kwa kitenzi kimoja, kabla hatujagusa ukanushi, urejeshi wala kauli. Hata tukiyaondoa maumbo yasiyotumika, mamia yatabaki. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne au matano. Njia ya orodha iliyoitosha lugha ile haiwezi kuitosha hii.

Pili, utafutaji. Mtafiti anayetafuta *jicho* hatapata *macho*, na anayetafuta *ulimi* hatapata *ndimi*. Akijaribu ujanja wa kutafuta sehemu tu ya neno, mathalani *tabu*, atapata vitabu, na tabu zake pia.

Tatu, maandishi yenyewe. Neno *ng'ombe* huweza kupigwa chapa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, au kwa alama ya tatu inayohesabiwa kuwa herufi. Kwa jicho letu tofauti ni ndogo mno. Katika mfumo wa Unicode hizo ni alama tatu zenye namba tatu mbalimbali. Anayetafuta kwa moja huweza kukosa zilizoandikwa kwa nyingine. Hali kadhalika ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni huru, hivyo kanuni yake ni nyepesi: *nyu-mba*, *ku-pe-nda*. Lakini mchapishaji akisahau kuonyesha ndani ya faili kwamba lugha ni Kiswahili, kifaa huweza kutumia kanuni za lugha nyingine na kutuletea *nyum-ba*.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili hakiwezekani katika mashine. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta tangu mwaka 1992, na programu yake ilivua viambishi kwa kanuni, bila orodha ya maumbo. Ujuzi upo kwa zaidi ya miaka 30. Kinachokosekana ni watu wa kuutia katika vifaa tunavyoshawishiwa kununua. Kasoro hii ni ya soko, na kwa kiasi fulani ni yetu sisi wanaisimu wa Kiswahili, ambao tumeiacha kazi hiyo mikononi mwa wachache.

5.0 Nani Mwenye Kitabu?

Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, inahusu umiliki. Mwezi Julai 2009 wasomaji wa Kindle waliokuwa wamenunua nakala fulani za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell waliona vitabu hivyo vimefutwa kwa mbali kutoka vifaa vyao, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Walirudishiwa fedha, na mkuu wa Amazon akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka; hapo pia fedha zilirudishwa. Mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wasomaji kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamishia katika Kindle kwa waya. Matukio haya yanafundisha jambo moja: katika maduka hayo msomaji hupewa ruhusa ya kusoma, hapewi kitabu.

Kwa msomaji wa riwaya za kupitishia wakati hasara hiyo huenda ni ndogo. Kwa mtaaluma si ndogo. Mwanaleksikografia anayelinganisha *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981, ya 2004 na ya 2013 anahitaji matoleo yote matatu yakae rafuni kama yalivyokuwa. Nakala inayoweza kusahihishwa kwa mbali humpa msomaji toleo jipya na kumnyang'anya la zamani, na kwa kufanya hivyo humfutia ushahidi. Aidha, matini inayojipanga upya haina ukurasa wa kudumu. Mwanafunzi akinukuu "ukurasa wa 57" wa kifaa chake, mtahini mwenye herufi kubwa zaidi hataupata.

Tena kuna suala la kuazimana. Katika idara zetu nakala moja ya kitabu husomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Jalada huchakaa, hubandikwa, husomwa tena. Kitabu kilichofungwa kwa akaunti ya mtu mmoja hakina maisha hayo. Nakiri kwamba fotokopi tulizozoea nazo zinawapunja waandishi, na sizitetei. Lakini tusiache kosa moja kwa kuingia katika upungufu mwingine.

6.0 Hitimisho

Kutokana na hoja hizo, ushauri wangu kwa kikao ni huu. Fungu la vitabu lisiguswe. Kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa kwa karatasi kina wanunuzi wachache, na idara ni miongoni mwao. Tukijitoa, mchapishaji hatakuwa na sababu ya kuchapa kingine. Idara inunue visomeo vichache vya kioo kikubwa kwa fungu la vifaa, viwekwe maktaba na viazimwe, na wa kwanza kuazimwa wawe wanafunzi wenye uoni hafifu. Vichaguliwe vinavyofungua EPUB na PDF bila kumfunga msomaji kwa duka moja.

Kwa wanafunzi wangu watatu nasema: msichange kununua kifaa cha inchi 6 kwa ajili ya tasnifu na makala. Bei yake ni ndogo, na kazi mnayoitaka hakiwezi. Mkiweza kupata kikubwa, kinunueni kwa kusomea faili mlizo nazo wenyewe, na hifadhini nakala zake nje ya kifaa.

Mimi binafsi nimeamua kununua kimoja kikubwa, kwa sababu rasimu za tasnifu ninazosahihisha kila mwaka zimeanza kunishinda macho. Vitabu vya Kiswahili nitaendelea kuvinunua kwa karatasi, hadi siku nitakapogusa *walivyotuandikia* na kioo kikanijibu *andika*. Siku hiyo haitaletwa na kampuni ya ng'ambo peke yake. Italetwa na sisi tukikubali kwamba kutayarisha matini sahihi, kuzipa alama ya lugha yake na kuandika kanuni za mofolojia kwa ajili ya mashine ni kazi ya kitaaluma inayostahili kutahiniwa, kuchapishwa na kupandishiwa cheo sawa na nyingine yoyote. Mmoja wa wale wanafunzi watatu bado hajapata mada ya tasnifu. Nimemshauri aanzie hapo.