Karo Atalipa Nani?



Msimu wa kuomba nafasi za shahada ya uzamili umewadia, na vijana wetu watuuliza mengi juu ya namna ya kueleza makusudio yao ya masomo. Ni wachache waulizao juu ya swali lile fupi la mwishoni mwa fomu: gharama zako zitalipwa na nani? Nalo ndilo swali lililokatiza safari za wengi.

Twamkumbuka binti mmoja wa jirani zetu aliyekubaliwa kusomea afya ya jamii Uingereza. Ami yake aliyeko Maskati alimwahidi kumlipia kila kitu, na hapakuwa na wa kumshuku, maana ndiye aliyewasomesha kaka zake. Binti akajaza: "Nitalipiwa na ami yangu." Chuo kikampa nafasi. Ulipofika wakati wa viza, akaunti ya ami haikukubaliwa. Kanuni za Uingereza hutambua fedha za mwanafunzi mwenyewe, za mume au mke wake, za wazazi au mlezi wa kisheria, mkopo wa masomo, au ufadhili rasmi. Ami hayumo. Fedha zilikuwapo na nia ilikuwapo, lakini muda wa kurekebisha haukuwapo tena. Masomo yakaanza bila yeye.

Kwetu sisi ami ni baba, na neno lake latosha. Afisa anayesoma faili hamjui ami wala hajapata kuketi barazani kwake. Yeye ana karatasi tu mbele yake. Basi kazi yetu ni kuigeuza ahadi iwe karatasi, tena mapema. Ami angeweza kutoa hiba yake miezi kadhaa kabla, akaiingiza katika akaunti ya binti au ya baba yake, na kuandika barua fupi kwamba ametoa wala hadai. Fedha hizo hutakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hesabu hiyo isizidi siku 31 kabla ya kuomba viza. Kiwango chenyewe ni karo ya mwaka wa kwanza iliyosalia pamoja na matumizi ya hadi miezi 9, na anayesoma London hutakiwa zaidi. Zikiwa katika akaunti ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa.

Nchi hazifanani. Marekani, chuo hudai ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza kabla ya kutoa fomu ya I-20, na huko ami aweza kuwa mdhamini kwa hati yake. Ujerumani, vyuo vingi vya serikali havitozi karo, lakini mwanafunzi huweka fedha za mwaka katika akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu mwaka 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904, naye huruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi. Viwango hivi hubadilika, hivyo visomwe upya kila mwaka katika maelezo ya ubalozi wenyewe.

Katika kuandika maelezo, usilalamike wala usijisifu. Taja gharama yote, kisha kila chanzo na kiasi chake: akiba yako, mchango wa wazazi, hiba ya jamaa. Ufadhili ulioomba na bado hujaupata, sema hivyo hivyo, na ueleze utakavyofanya ukiukosa. Mwenye kuomba Chevening, kwa mfano, atakiwa awe amefanya kazi takriban miaka miwili, na akihitimu arejee nyumbani kwa miaka miwili. Asiyetimiza hayo asiuhesabu ufadhili huo katika mipango yake. Mkopo wa HELB wa uzamili una riba, na anayejiepusha nayo hana budi kuanza kutafuta njia nyingine mapema kuliko wenzake. Weka pia ziada, kwa kuwa shilingi haitulii: mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka hadi karibu 130.

Kuna jambo tusiloweza kulinyamazia. Baadhi ya familia huazima fedha kwa mfanyabiashara, zikae katika akaunti mwezi mmoja zionekane, kisha zirudishwe. Wengine hununua taarifa za benki za kughushi. Benki huulizwa, na anayebainika kutumia hati za uongo aweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Hata akipita, mwana atafika ugenini wakati wa baridi, kodi ya chumba ikimngoja na akaunti ikiwa tupu. Wazazi tutakuwa tumemdanganya afisa, na tumemtupa mtoto wetu.

Tunajua ugumu ulipo. Ni vigumu kwa kijana kumwambia mzee, "Ami, naomba taarifa ya akaunti yako." Huona kama amemvunjia heshima. Basi wazee tuwatangulie: tuwaite, tuketi nao, tuseme kweli tunachoweza na tusichoweza. Mzee asemaye mapema "sina" amemsaidia kijana kuliko asemaye "inshallah" kumridhisha tu. Ahadi ni deni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wanetu, na atujaalie kuwa wakweli kwao. Amin.