Kinyama kwanza, kisu baadaye

Kila Oktoba utepe wa pinki hutufikia hata sisi wa Tabora. Wanawake wanakumbushwa kujipapasa matiti, na wakigusa uvimbe wawahi hospitali. Ujumbe huo ni sahihi na uendelee. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, nyuma ya ile ya mlango wa kizazi. Lakini kampeni hizi zinaacha pengo moja: watu wanaondoka wakiamini kwamba kila saratani inayoonekana kwenye titi imeanzia hapo hapo. Si kweli.

Katika kila saratani 100 zinazokutwa kwenye titi, moja au mbili hivi zimetoka sehemu nyingine ya mwili. Huweza kuwa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, au melanoma ya ngozi. Nyingine hutoka kwenye mapafu, ovari au tumbo. Kwa mwanamume, hata ya tezi dume huweza kufika kifuani.

Ni chache, ndiyo. Tunaandika kuzihusu kwa sababu tiba yake ni nyingine kabisa. Saratani iliyozaliwa kwenye titi, upasuaji ni moja ya nguzo za matibabu yake. Iliyohamia hapo, kukata titi mara nyingi ni kudeki sakafu huku paa linavuja. Mgonjwa anabaki na kovu, chanzo hakijaguswa, na wiki ambazo angekuwa ameanza dawa inayomfaa zimepotea.

Sisi wa magharibi tuna sababu ya pekee ya kulijali hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka kilomita kama 16,000, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Wakaona ugonjwa ule unafuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi, kama malaria. Mwaka 1964 watafiti wa London wakaona virusi, vinavyoitwa Epstein-Barr, katika sampuli iliyotoka Uganda. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo, vikikutana na malaria ya mara kwa mara, hufungua njia ya limfoma ya Burkitt. Na katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora iliongoza nchi kwa malaria ya watoto wadogo, takriban asilimia 23.

Limfoma hii ya Burkitt hasa ni ugonjwa wa watoto. Lakini ukimpata mjamzito au anayenyonyesha, huweza kuvimbisha matiti yote mawili kwa pamoja, tena kwa kasi. Wa kwanza kumtazama atasema ni jipu, wa pili atasema maziwa yameganda, jirani atasema ni kijicho. Kweli, majipu ya titi ni mengi kuliko limfoma, na mama asitishike. Ila uvimbe usio na usaha na usiosikia dawa upimwe, usisubiriwe. Limfoma hii huyeyuka kwa dawa za saratani, na Burkitt mwenyewe alilionyesha hilo miaka ya 1960. Kisu hakiitibu.

Melanoma nayo, kwa sisi weusi, mara nyingi huanzia kwenye unyayo au chini ya ukucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu, na mwaka 1981 ikamuua akiwa na miaka 36. Kwa hiyo daktari anayepima titi aombe mgonjwa avue na viatu. Apapase shingo, kwapa na tumbo, aulize ugonjwa wa zamani. Uvimbe uliohamia mara nyingi ni wa mviringo, una mpaka safi, hauvuti ngozi wala chuchu. Hata hivyo uvimbe usio saratani nao huwa hivyo hivyo. Jibu la uhakika linatoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichopimwa maabara, na pengine kwa rangi maalumu zinazoonyesha saratani ilikoanzia.

Hapo ndipo umbali unapouma. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe na nguo kwa miezi. Leo mgonjwa wa Sikonge, Urambo au Kaliua anaifuata njia ile ile kurudi mashariki, zaidi ya kilomita 800, hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Au anakata kaskazini hadi Bugando, Mwanza. Kuna nauli mbili, yake na ya ndugu wa kumsindikiza, kuna malazi, na shamba la tumbaku limebaki bila mtu.

Kinyama hakihitaji malazi. Kinakaa kwenye kichupa chenye formalini na kinasafiri na basi la asubuhi. Nchi hii imeshazoea kusafirisha sampuli za VVU na kifua kikuu hadi maabara kubwa. Za saratani nazo zipewe utaratibu huo: siku maalumu za kusafirishwa, fomu inayoeleza historia ya mgonjwa, na majibu yanayorudi kwa simu kabla ya karatasi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Vipimo vya kinyama, pamoja na rangi hizo maalumu, viwe ndani ya kitita ambacho hata maskini atakipata.

Kwa hospitali zetu, msimamo wetu ni mmoja: pasipo dharura, titi lisikatwe kabla majibu ya kinyama hayajasomwa.

Na wewe msomaji, kama uliwahi kutibiwa saratani yoyote, hata miaka kumi iliyopita, tunza makaratasi yako. Ukipata uvimbe kwenye titi, nenda nayo, na umwambie daktari kabla hajakuuliza.