Acheni vifungo vya Mkula vikae Mkula

Jamani, hili neno "vinteji" limetuharibu akili. Kitu kikiwa cha zamani na kiko kijijini tunakiita takataka, kikifika Masaki kinapewa jina jipya na bei mara kumi. Nimechoka.

Nasema hivi kwa sababu ya duka moja la Mkula. Kwa usiyepajua, Mkula ni kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, msitu upande mmoja na mashamba ya miwa upande wa pili. Nilipita huko kikazi, shati likanikatikia kifungo, nikaelekezwa dukani. Kaunta ya mbao, wavu wa chuma, unasimama nje na kusema shida yako. Mzee akaniuliza, "Vingapi?"

Ndiyo, vingapi. Anauza kifungo kimoja. Anauza sindano moja ya cherehani, bobini moja, lastiki anayoipima kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye makopo ya biskuti ana nyuzi za kudarizi za DMC, zile za Ufaransa, karatasi zake zimeshapauka. Ana uzi uliozungushiwa kijiti cha mbao, wakati siku hizi kila kitu ni plastiki. Ana lesi, ana vifungo vizito vya magauni ya mama zetu. Na kopo moja limejaa zipu zilizokatwa kwenye mitumba! Mzee habagui, na hapo ndipo aliponimaliza.

Nikampigia picha makopo yake, kwa ruhusa, nikamtumia rafiki yangu wa Dar. Jibu likaja dakika hiyo hiyo: "Beba yote kaka, huku tunapiga hela."

Najua wengi mnaosoma hapa mko upande wake. Mtasema mzee atapata fedha zake na vitu vitafika kwa wanaovithamini. Wanaovithamini ni nani? Fundi wa Mkula akivunjikiwa sindano saa nne asubuhi anamtuma mtoto dukani, na kabla ya saa tano cherehani inalia tena. Lile duka likikauka, fundi huyo apande basi hadi Ifakara, nauli izidi bei ya sindano, na huko wa jumla amwambie hauzi moja, anauza pakiti. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Januari ikifika, anayeokoa jahazi ni fundi huyo huyo. Hapo sijawagusa akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi jioni, ambao hununua uzi kidogo kidogo kadiri hela inavyopatikana.

Ni kweli duka ni la mzee, akitaka kuuza vyote kwa mpigo ni haki yake. Ila tusimdanganye kwamba tunaokoa urithi.

Maduka ya namna hii yamepigwa sana, tena na wenye nguvu kuliko sisi. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ukionekana na bidhaa stoo una kesi. Baadaye milango ikafunguliwa, mitumba ikamwagika, viwanda kama Mwatex na Mutex vikayumba. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua; Marekani ikakunja uso, Rwanda peke yake ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Sisi tulirudi nyuma kimya kimya.

Na wakubwa wetu je? Wao wanagawa vyerehani. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jambo zuri, silipingi. Lakini umewahi kuona hotuba ya kukabidhi vyerehani ikitaja sindano? Uzi? Mafuta ya mashine? Mgeni rasmi anapigwa picha, turubai linakunjwa, na kikundi kinabaki na chuma kinachong'aa.

Basi mnaogawa vyerehani, kabla ya kuwaita waandishi wa habari, nendeni kwa mzee wa duka la jirani muulize anahitaji mtaji kiasi gani ili uzi usikatike mwaka mzima. Nanyi wa Masaki, mkiutamani uzi wa zamani, agizeni kitambaa kilichofumwa Mkula na mlipe kazi ya mikono iliyokifuma. Basi la Ifakara linakuja Dar kila siku, kitambaa kitafika.