Kobalti ya Kuba inasafishwa Kanada, lakini nusu ya kiwanda ni ya Kuba

Kila mara Kanada inapotajwa pamoja na Kuba, watu wanasema ni urafiki. Wanakumbuka waziri mkuu Pierre Trudeau aliyefika Havana mwezi wa Januari 1976, wakati Marekani ilikuwa imeifungia Kuba milango ya biashara. Wanakumbuka pia Fidel Castro akienda Montreal mwaka wa 2000 kwa mazishi ya huyo Trudeau. Ni kweli, tangu mapinduzi ya 1959, katika Amerika yote ni Kanada na Mexico tu ambazo hazikuvunja uhusiano na Havana. Lakini urafiki wa viongozi peke yake haulishi kiwanda.

Kiwanda chenyewe kiko Fort Saskatchewan, katika jimbo la Alberta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Kanada iitwayo Sherritt ilikuwa na mitambo lakini ikakosa madini ya kutosha. Kuba ilikuwa na nikeli na kobalti tele katika udongo mwekundu wa Moa, ila mnunuzi wake mkubwa, Muungano wa Kisovieti, alikuwa anaanguka. Kila mmoja alikuwa na njaa ya kitu alichonacho mwenziwe. Mwaka wa 1994 wakaunda ubia, nusu kwa nusu.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Nusu ya Kuba haiishii kwenye mgodi wa Moa. Kiwanda cha kusafishia huko Alberta nacho kimo ndani ya ubia. Inchi maskini, iliyowekewa vikwazo, ina nusu ya kiwanda ndani ya inchi tajiri.

Msomaji wa Kolwezi au Likasi apime mwenyewe. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Kule Tenke Fungurume, Gécamines ina 20% ya hisa. Kule Kamoto, upande wa Congo una 25%. Sehemu kubwa ya kobalti inatoka ikiwa bado haijasafishwa mpaka mwisho, inaenda China, na katika viwanda vya huko Congo haina nusu. Mwaka wa 2025 Kinshasa ilisimamisha uuzaji inje, kisha ikaweka kiasi maalumu kwa kila kampuni, ili bei ipande. Ilisaidia bei. Haikubadili mwenye kusafisha.

Kanada nayo isipakwe mafuta ya utakatifu. Mwaka wa 1996 Marekani ilipitisha sheria ya Helms-Burton, na wakubwa wa Sherritt pamoja na familia zao wakakatazwa kuingia Marekani. Ottawa ilijibu kwa kuipa nguvu sheria yake inayozuia kampuni za Kanada kutii amri hizo za Washington. Ilimkatalia jirani ambaye ndiye mteja wake mkubwa kuliko wote, na hilo linahitaji moyo. Ila ilikuwa inalinda kampuni yake, si Wakuba.

Na ubia huo haukuiokoa Kuba. Kabla ya Covid-19, watalii zaidi ya milioni 1 kutoka Kanada walikuwa wanafika kila mwaka, hata hivyo pesa hazikutosha. Mwezi wa Oktoba 2024 umeme ulikatika inchi nzima. Sherritt inayozalisha pia umeme huko ilikuwa inadai, na mwaka wa 2022 pande mbili zikapatana juu ya deni la dola za Kanada milioni 362: Kuba italipa kwa miaka mitano tangu 2023, sehemu kubwa kwa fungu lake la kobalti. Ni mzigo mzito. Lakini kobalti inayolipa deni hilo ni ile iliyokwisha kusafishwa Alberta, si udongo wa Moa.