Binti Aitwe Manyara

Wapo watu katika nchi yetu ambao, wakisikia kwamba mtoto wa kike amepewa jina la ziwa, la mto au la mji wa hapa petu, hucheka kwanza na kuuliza baadaye. "Hilo ni jina la mahali," husema, "si jina la mtu." Shangazi hununa, mjomba hutikisa kichwa, na majirani huwahurumia wazazi kana kwamba wamepotewa na akili. Twataka kuonyesha hapa kwamba hoja yao haina mguu wa kusimamia, na kwamba nyuma yake zimejificha kasumba mbili ambazo hatuna budi kuzing'oa: ya kwanza ni kudharau kwetu, na ya pili ni kumhesabu binti kuwa mpita njia katika nyumba ya wazazi wake.

Tuipime kwanza hoja yenyewe. Je, ni kweli kwamba jina la mahali haliwezi kuwa jina la mtu? Magdalena maana yake ni mwanamke wa Magdala, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa la Galilaya. Sharon ni uwanda wa pwani ya Palestina. Marwa ni kilima cha Makka, na Zamzam ni kisima cha mji huohuo. Jina la Asia hatulihesabu, maana asili yake si bara bali ni Asiya, mke wa Firauni. Lakini hayo manne yanatosha. Twawaita binti zetu kwa majina hayo kila siku, na hakuna anayecheka.

Tazama pia jina la Florence, lililoenea sana miongoni mwa mama zetu. Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Vita vya Crimea, alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Italia ambao Waingereza huuita Florence, na wazazi wake wakampa jina la mji huo. Dada yake, aliyezaliwa mwaka uliotangulia katika mji wa Naples, aliitwa Parthenope, ambalo ni jina la kale la mji huo. Basi Waingereza wawili walikuwa safarini ugenini, wakapapenda mahali, wakawapa binti zao majina ya mahali hapo. Nasi tukalipokea tunda la mapenzi yao na kuliita jina la kistaarabu. Siku hizi wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakawaita watoto wao Paris, Chelsea na Brooklyn, yaani mji mmoja na mitaa miwili ambayo wengi wao hawajapata kuitia machoni. Imedhihirika, basi, kwamba ugomvi wao si na mahali. Ugomvi wao ni na mahali petu. Wahenga walikwisha kusema: mkataa kwao ni mtumwa.

Wala haifai kusema kwamba mila zetu hazilijui jambo hili. Wazee wetu walimpa mtoto jina lililobeba habari za kuzaliwa kwake. Mwajuma alizaliwa Ijumaa, Chausiku alizaliwa usiku. Kwa Wasukuma, Kabula ni binti aliyezaliwa wakati wa mvua. Kwa Wajaluo, Ayoo ni binti aliyezaliwa njiani, na Aoko ni yule aliyezaliwa nje ya nyumba. Ikiwa njia yaweza kumpa mtoto jina, mto waukosea nini? Anayemwita bintiye kwa jina la mahali hafuati wageni. Ananyoosha kidogo tu desturi aliyoikuta.

Na mahali petu pana maana. Manyara ni neno lililotoka kwa Wamaasai, nalo ni mti wa mnyaa ambao wafugaji huupanda kuzunguka boma ili mifugo ipate kulindwa. Ni jina gani jema zaidi kwa binti kuliko jina la ua unaolinda kaya? Kilwa ni mji uliofikiwa na Ibn Battuta mwaka 1331, mji uliopiga sarafu zake wenyewe kabla Wareno hawajauteka nyara mwaka 1505. Ruvuma ni mto ulioipa jina nchi ya mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Na katika wale walionyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906 alikuwamo mwanamke, Mkomanile. Msichana aitwaye Ruvuma, siku atakapouliza maana ya jina lake, atajibiwa kwa somo zima la historia. Yule aitwaye Brooklyn atajibiwa nini?

Sasa tuitazame kasumba ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi. Katika koo nyingi mtoto wa kiume huhesabiwa kuwa nguzo ya mji, na wa kike huhesabiwa kuwa mgeni anayesubiri kuchukuliwa. Kwa hiyo hapewi kilicho cha nyumbani: hapewi shamba, hapewi kiti barazani, na hata jina lake huokotwa popote, mradi linapendeza masikioni. Sheria zetu zimekwisha kukataa dhuluma hiyo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimetamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria huishia mlangoni ikiwa ndani ya nyumba binti hulelewa kama msafiri. Kumpa jina la nchi yake ni kutamka mbele ya ukoo wote kwamba naye ni wa udongo huu, na kwamba hata akiolewa mbali, kwao ni kwao.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili jibu la heshima. Ya kwanza ni ya dini. Lakini sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, hutaka tu jina lisiwe geni kwa imani ya Kikristo. Na Waislamu wa mwambao wameitana Mwajuma na Pili kwa karne nyingi bila uislamu wao kupungua. Ya pili ni hofu ya mtoto kudhihakiwa. Hofu hii ina haki yake. Huko Uganda, Mirembe ni jina zuri la msichana, maana yake amani. Hapa kwetu watu wakisikia Mirembe hukumbuka hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Kwa hiyo mzazi na achague kwa busara, aulize maana ya neno kwa wenyeji wake, alitamke mbele ya bibi na babu, alisikilize. Tahadhari ni wajibu, lakini haiwezi kuwa kisingizio cha woga.

Wala hatuombi amri ya serikali. Zaire ilijaribu njia hiyo mwaka 1972, Mobutu alipowalazimisha raia kuacha majina ya Kikristo; amri hiyo ilikwisha kuondolewa, na majina yakarudi. Mapenzi ya kwao hayaandikwi katika gazeti la serikali. Huanzia kwa mama aliyemshika mtoto mikononi na baba aliyesimama pembeni yake, wakaulizana jina.

Basi, ndugu wazazi, mtakapoulizana, msitafute kwanza katika ramani za watu. Anzeni na mto mliochota maji, mlima mliouamkia kila asubuhi, mji uliowapokea. Na anayecheka, mwambieni afungue ramani amtafute Magdalena.